Pingamizi Dhidi ya Mchumba Aliyesema "Sijui Bado"

Mwalimu Msabaha (mstaafu),
Mji Mkongwe,
Bagamoyo.

Kwa Sheikh Sufiani,
Imamu wa msikiti wa mtaani kwetu.

YAH: OMBI LA KUIZUIA NDOA YA MJUKUU WANGU UMMY KWA SABABU YA PROSESA

Sheikh wangu, assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nakuamkia kama sheikh wangu. Najua nawe ukifika kwenye mstari huu utasema shikamoo kimoyomoyo, kwa kuwa nilikufundisha hesabu na jiografia ukiwa darasa la sita na mpaka leo unaniogopa. Basi marahaba, naijibu mapema tusipoteze muda, maana muda wenyewe si wangu tena. Daktari ameniambia moyo wangu umechoka. Nilimwuliza umechoka kiasi gani, akatazama dirishani. Mimi nimesimama mbele ya watoto wa watu maisha yangu yote, Sheikh. Namjua mtu anayetazama dirishani badala ya kujibu swali.

Kwa hiyo nakuandikia nikiwa na akili timamu, isipokuwa pale nitakapoonyesha vinginevyo, na nikiwa nimekwisha kuagana na mambo mengi ya dunia ila kulalamika.

Kama ujuavyo, Ummy ameposwa. Baba yake, mwanangu Abdulwahab, alitangulia mbele ya haki, na Ummy hana kaka, hivyo walii wake, mwenye haki ya kumwozesha, ni mimi babu yake. Nikifa kabla ya ndoa kufungwa, uwalii unakwenda kwa ami yake, mwanangu Twalib aliyeko Dar es Salaam. Twalib ameshasema hapana, na Twalib akisema hapana hurudia.

Aliyemposa ni Bilali, fundi wa kompyuta na simu mwenye kibanda karibu na stendi, mtoto wa wavuvi na wakulima wa Kaole. Mama yake hushona makuti. Ummy anamtaka. Nilipomwuliza hakuinamisha macho kama tulivyozoea wasichana wetu wafanye, alinitazama usoni akasema, "Babu, huyo ndiye." Lililobaki ni jibu langu. Wazee wa ukoo wakiongozwa na binamu yangu Bwanausi, ambaye ndiye mtunza nasaba yetu na husahau majina ya wajukuu zake, wanasema Bilali si kufu yetu; hatulingani naye kwa asili wala kwa hadhi. Mimi pia nasema si kufu yetu. Ila sababu zangu ni za kisayansi, nami naomba uzipime kisha utoe tamko la kuizuia ndoa hii.

Chanzo cha yote ni kompyuta yangu. Unaijua. Ndiyo iliyochapa barua zangu zote: ile ya mtaro wa sokoni, ile ya mbuzi wa jirani, na ile ya kipaza sauti cha msikiti wako, ambayo mpaka leo hujanijibu. Aliniletea Abdulwahab alipoona natumia muda mwingi kuwapigia watu kelele barazani. Alisema afadhali nigombane kwa maandishi. Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Mashine ikatoa harufu ya pilipili iliyoungua, ikanyamaza.

Bilali aliifungua akasema kilichokufa ni mazabodi, ule ubao mkubwa wa ndani ambao vitu vyote vingine hukaa juu yake. Prosesa, kile kijibamba cha mraba kinachopiga hesabu zote, ilielekea kuwa nzima. Mazabodi za aina ile hazitengenezwi tena, lakini angeweza kunitafutia ya baadaye kidogo, pamoja na prosesa mpya ya kuifaa. Nikamwambia mazabodi alete, prosesa mpya siitaki. Ile aliichagua Abdulwahab. Huo ni ubongo alioniletea mwanangu, na ubongo hautupwi jalalani. Mwili ubadilike, ubongo ubaki.

Hapo ndipo nilipopata wazo. Mimi nikipata wazo nyumba nzima hupata tabu. Niliwakusanya wazee, nikatangaza mbele ya Bilali: prosesa ya zamani ya Abdulwahab ikikubaliwa na mazabodi hii ngeni, naye Bilali atakubaliwa na ukoo. Wazee walifurahi mno. Hakuna aliyejua prosesa ni nini, lakini waliona lina sura ya jambo ambalo wazee wanapaswa kulisema. Mimi nilikuwa na uhakika haitawezekana. Kitu cha zamani hakikubaliwi na kipya. Mimi mwenyewe ni ushahidi, muulize mtoto yeyote wa mtaa huu.

Malalamiko yangu dhidi ya Bilali ni haya:

1. Alisema hajui.

Mchumba wa zama zetu angeweka mkono kifuani na kusema itaingia tu, Mwalimu, inshaallah, hata kama haingii hata kwa nyundo. Huo ndio uungwana tuliolelewa nao. Bilali aliipokea prosesa, akaigeuza kwenye mwanga, akasema mbele ya wazee wote, "Sijui bado, Mwalimu. Nipe nichunguze."

Sheikh, katika ukoo wetu neno "sijui" halina mwenyewe. Mimi nimefundisha jiografia mpaka nikastaafu bila kulitamka, na ndiyo maana kuna watu wazima wenye familia, baadhi yao wanasali nyuma yako, wanaoamini kwa moyo safi kwamba mto Ruvuma unaanzia Kilimanjaro. Niliulizwa ghafla, nikajibu. Sasa leo aje kijana akae kwenye mkeka wetu na kusema hajui, kisha asione haya?

2. Aliichunguza prosesa kuliko sisi tulivyomchunguza yeye.

Aliipangusa mgongoni akasoma namba zilizoandikwa. Akataka kujua ni ya kizazi gani na inakula umeme kiasi gani. Akaitazama soketi ya mazabodi, kile kikalio chenye matundu ambamo miguu ya prosesa huingia. Akaingia kwenye mtandao kutafuta orodha ya watengenezaji, kwa kuwa kumbe kila mazabodi ina orodha ya prosesa inazozikubali, kwa majina na namba. Nikamwambia anajisumbua, mimi nimeshatazama kwa miwani, na miguu inalingana na matundu. Akanijibu kwa adabu ambayo iliniudhi kuliko utovu wa adabu.

"Kuingia si kukubaliwa, Mwalimu."

Kisha akanieleza, nami nilijifanya nayajua. Ndani ya mazabodi mna programu ndogo ambayo mafundi huiita bayosi. Ndiyo inayoamka kwanza na kuuliza nani amekuja. Isipomjua mgeni, haimwashii taa. Mgeni atakaa pale kwenye kiti, miguu imeingia vizuri, na nyumba iko giza. Alisema toleo la bayosi lililokuwamo halikuwa na jina la prosesa yetu, ila lipo toleo jingine lililo nalo. Lakini huwezi kuibadilisha bayosi ikiwa mashine haiwaki, wala mashine haiwaki mpaka iwe na prosesa inayojulikana. Kwa hiyo akaenda kuazima prosesa ya fundi mwenzake, akaiwasha mazabodi kwa hiyo, akaifundisha bayosi majina mengine, kisha akarudisha cha watu.

Sasa linganisha na sisi. Tulipomchunguza Bilali tuliuliza swali moja: babu yake alitoka wapi. Tukajibiwa, Kaole. Tukatazamana. Bwanausi akaguna, na uchunguzi ukafungwa hapo hapo kwa kahawa na kashata. Hatukuuliza anakula umeme kiasi gani. Je, ni halali kijibamba kichunguzwe kwa kina kuliko bwana harusi? Naomba jambo hili lipigwe marufuku. Linatuaibisha.

3. Aliugusa mlango.

Mlango wetu wa nakshi unaujua. Wageni huupiga picha, na mimi hutoka na bakora yangu nikawaeleza kwamba babu wa babu yangu aliagiza uchongwe kwa ajili ya nyumba hii. Bilali alipokuwa akiingiza boksi la mazabodi, mlango ulikwaruza sakafu ukambana bega. Akaweka boksi chini, akapitisha vidole ukingoni, akachuchumaa. Kisha akaniambia polepole, mimi peke yangu, kwamba mlango na fremu havikuchongwa kwa ajili ya nyumba moja. Ua la nakshi la chini limekatwa katikati.

Ni kweli. Babu huyo aliununua kutoka nyumba iliyobomoka huko Pangani, ulikuwa mrefu, akaukata uingie. Siri hiyo nimeijua tangu utotoni na nilitarajia kuzikwa nayo. Sasa fikiria: ukoo unaomkataa mtu kwa kutolingana, kila siku unaingia na kutoka kupitia mlango usiolingana na fremu yake. Na umetufaa. Umetuzuia mvua na wezi miaka yote hiyo. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Bilali hakumwambia mtu. Kesho yake alikuja na bawaba mpya akaunyanyua kidogo, na tangu hapo haukwaruzi. Amenikosesha kengele. Zamani nilijua nani anaingia na saa ngapi. Sasa watu wananitokea tu mbele kama majini.

4. Hakucheka.

Nilipomwambia kwamba kijibamba kile ni ubongo alioniletea marehemu mwanangu, nilitaka acheke ili nipate sababu ya kumfukuza. Akasema tu kwamba prosesa haina kumbukumbu; ukiizima inasahau kila kitu. Kisha akaongeza kwamba hata hivyo anaelewa. Naomba sheria itamke kama fundi anaruhusiwa kuelewa.

5. Aliniachia vitu vyake nyumbani.

Hapa, Sheikh, kama umesimama, kaa. Unajua desturi yetu: kinacholetwa kwa ajili ya posa hukaa kwa mwenye mwana mpaka siku ya wazee. Basi Bilali alileta mazabodi iliyokwisha kufundishwa, pamoja na prosesa, akaviweka mezani kwangu, akaomba visiguswe mpaka Ijumaa. Alisema kuna dawa laini ya kupakwa ambayo bado anaingoja kutoka Dar.

Ukimwambia mwalimu mstaafu asiguse kitu, umemwagiza akiguse. Nilitaka wazee waje Ijumaa wakute mashine inawaka, nami niseme nimeiwasha mwenyewe, basi mchumba wa nini? Nikajifungia chumbani. Kumbe pembeni ya soketi kuna kijiti cha chuma ambacho lazima kinyanyuliwe kwanza, ndipo matundu yafunguke. Sikukinyanyua. Niliibonyeza prosesa kwa dole gumba lile lile lililobonyeza chaki na masikio ya watoto wa Bagamoyo, pamoja na la kwako. Nikasikia mlio mdogo kama kijiti cha kiberiti kinachovunjika. Miguu ya pembeni ilikuwa imepinda.

Mtu mwenye busara angeishia hapo. Mimi nilifungua kijitabu. Kikasema kati ya prosesa na chuma cha feni lazima pakae kitu laini cha kuchukua joto, la sivyo itaungua. Sheikh, mimi ni mtu wa pwani. Ukiniambia kitu laini, kinachopakwa, kinachopoza joto, mimi nakijua kimoja tu. Dada yangu Mwanamvua alikuwa ameshasaga msandali na kuuchanganya na marashi ya mawaridi, liwa ya kumpaka Ummy siku za harusi zikifika, kwa kuwa Mwanamvua katika nyumba hii hajawahi kungoja jibu la wanaume. Bakuli lilikuwa kabatini. Nikachota kidole kizima.

Niliipaka prosesa liwa kama bibi harusi. Niliipaka mgongoni kama kijitabu kilivyosema, na kwa ukarimu wangu nikaipaka na miguuni. Nikaikandamiza mahali pake, nikaifunika feni, nikabonyeza kitufe. Haikuwaka, nami namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenisahaulisha kuchomeka waya.

Mwanamvua alipokuta bakuli limepungua alimshuku paka. Nami, ili mambo yaishe, nikamkemea paka.

6. Alinisitiri bila idhini yangu.

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote.

Ijumaa baada ya sala wazee walikaa sebuleni. Bilali alikuja na vifaa vyake na kichupa cha dawa ya joto, akaomba radhi kwa kutupa mgongo, akainua feni. Harufu ya mawaridi ikajaa chumba kizima. Bwanausi akavuta pumzi ndefu akasema mashine hii ina baraka. Bilali akaitazama prosesa. Akaichomoa, akaitazama miguu. Kisha akanitazama mimi.

Nami, Sheikh, nikatazama dirishani.

Neno moja lingetosha. Angesema tu, Mwalimu ameigusa, na shauri lingekwisha; wazee wangecheka mpaka Isha, na yeye angeondoka na jibu lake. Badala yake aliifunga kwenye kitambaa haraka, asiione mtu, akawageukia wazee.

"Nisameheni wazee wangu. Kuna jambo sikuliangalia vizuri. Haitawaka leo."

Bwanausi akavaa kofia yake akasema basi, jibu limepatikana. Akaongeza kwamba fundi wa kweli hafungi safari kuja kuomba radhi. Twalib akapigiwa simu pale pale. Akasema hapana, kisha akarudia. Nyuma ya pazia Ummy alikuwa amesimama na sinia ya kahawa. Nilisikia vikombe vikigongana, na sababu nilikuwa naijua mimi na Bilali peke yetu. Nilikunywa kahawa hiyo hiyo aliyoileta, nikasema imekolea tangawizi.

Sheikh, kumsitiri mtu aibu yake bila kumwuliza ni kumwonea. Kama angenifedhehesha, ningekasirika, ningemchukia, na ningekufa nikiwa na haki yangu mkononi. Sasa nimebaki na nini? Ukoo mzima unaamini kijana hajui kazi yake, na mtu pekee anayeweza kuusahihisha ni mzee mwenye moyo uliochoka ambaye hajawahi kusema "sijui", sembuse "ni mimi".

7. Aliirudisha.

Mtu aliyekataliwa hukasirika, huzima simu, hupita barabara nyingine. Yeye alirudi. Alikuwa ameinyoosha miguu yote ya prosesa, mmoja mmoja, kwa wembe na subira, na kuisafisha kwa spiriti. Ilikuwa imelala kwenye pamba kama yai, na ukiisogeza puani bado ulisikia mawaridi kwa mbali. Akaweka mezani kile kichupa. Akaniambia maneno mawili matatu tu: dawa ya joto ni hii, Mwalimu. Hakusema kwamba ile nyingine haikuwa yenyewe. Akanishika mkono, akauliza kama nimekunywa vidonge vya moyo, akaenda zake. Sikumsikia akitoka, kwa sababu ya bawaba.

Sasa, Sheikh, ninayasimamisha malalamiko haya kwenye mstari mmoja kama tulivyokuwa tukifanya ubaoni, ili uone hatari ilipo.

Kijana huyu akioa kwetu, atazaa watoto. Watoto watasema "sijui" mbele ya wageni. Watauliza kwanza ndipo waseme. Watatazama mlango wetu, watajua umetoka Pangani, na wataupenda hivyo hivyo. Wataona aibu za wakubwa wao na kuzifunika. Baada ya kizazi kimoja ukoo wetu hautakuwa na mtu mwenye uhakika wa jambo asilolijua. Jirani zetu wataambukizwa. Maradhi yatashuka mpaka Mbegani, yatapanda mpaka Makurunge. Mabaraza yatakuwa kimya. Nani atabishana? Nani atamwandikia imamu juu ya kipaza sauti? Mji huu umesimama karne na karne juu ya watu kama mimi na Bwanausi, nami siwezi kufa nikiwa nimeutia ufa kwa mkono wangu.

Kwa hiyo hoja yangu ni moja. Nimeupima ukoo wetu na nimempima Bilali kwa mizani zote nilizonazo, nami nimehakikisha kwamba wazee wanasema kweli: hakuna kufu. Hatulingani. Ila waliishika mizani kichwa chini. Yeye yuko juu na sisi tuko chini. Na kwa kuwa hakuna kulingana, naomba utamke kwamba ndoa hii haifai, ili kumlinda kijana wa watu asije akaingizwa kwa nguvu mahali asipolingana napo, akapinda miguu.

Nakuomba unijibu barua hii, tofauti na ile ya kipaza sauti.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo. Msalimie mwadhini, mwambie sauti yake nzuri, ni kipaza sauti tu ambacho tunagombana nacho. Wasalimie waliokuwa darasa moja nawe, na ukipata nafasi uwaeleze habari za mto Ruvuma kwa upole. Nisalimie na jirani yangu, na mbuzi wake. Hapa nyumbani Mwanamvua anakusalimu. Paka hajambo, lakini hatuzungumzi.

Ni mimi mwalimu wako, niliyebakiza pumzi chache na maneno mengi,

Msabaha

Nyongeza: Baada ya kutia sahihi nimeisoma barua hii kwa jicho la kusahihishia, nikakuta mwanafunzi amekosea. Wewe mwenyewe ulilisema kwenye darsa Ramadhani iliyopita, nami nilijifanya nimesinzia: katika kufu, kinachotazamwa ni mume asiwe chini ya mke. Mume akiwa juu, hakuna kizuizi. Basi pingamizi langu limekufa mikononi mwangu. Hayo malalamiko yote, la kwanza mpaka la saba, yasome upya kama maelezo ya mtu anayetoa sababu za kukubali.

Najua pia umeshajiuliza barua hii imechapwaje ilhali mashine ilikufa. Niliiandika kwanza kwa mkono, kisha leo asubuhi nikamwita Bilali. Alikinyanyua kile kijiti, akaiweka prosesa pale bila kuibonyeza, ikashuka yenyewe kwa uzito wake. Akaipaka ile dawa isiyonukia. Kioo kikawaka, kikaandika jina la prosesa ya Abdulwahab lote, na Ummy akalisoma kwa sauti. Kisha mashine, kwa kuwa haikuwa na habari za dunia tangu siku ilipotengenezwa, ikauliza leo ni tarehe ngapi. Bilali akanigeukia ili nimtajie. Nikamwambia, "Sijui, mwanangu." Ni mara yangu ya kwanza. Haiumi kama nilivyodhani.

Bwanausi na wazee nimewaita, nimewasomea lalamiko la tano na la sita mbele ya Bilali na Ummy, sikuruka mstari. Bwanausi ameniomba nirudie mahali pa liwa. Twalib alisikiliza kwenye simu. Alinyamaza, kisha akarudia kunyamaza.

Sasa sikiliza, Sheikh, hapa siandiki mzaha. Kwa barua hii nakufanya wakili wangu umwozeshe Ummy binti Abdulwahab kwa Bilali bin Mshamu, kwa mahari waliyokubaliana. Uwakala hufa pamoja na aliyeutoa, kwa hiyo usingoje nimalize kufa. Njoo leo baada ya Alasiri. Liwa nyingine imeshasagwa. Bakuli amelishika Mwanamvua mwenyewe.

Ukifika piga hodi kwa nguvu. Mlango haukwaruzi tena, na mimi nitakuwa nimelala kitandani nikisikiliza.